Mabinti Watano Waliofika Kabla ya Mgao

Somo: Hesabu 27:1–11, Hesabu 36:1–12, Yoshua 17:3–6



Leo tunasoma habari ya dada watano ambao wengi wetu huwa tunawaruka, kwa sababu kitabu cha Hesabu kimejaa majina na idadi. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hiyo idadi hazinichoshi. Na ukivumilia zile idadi, katikati yake utakuta kitu ambacho sisi Wakenya tungekiita kikao cha maoni ya umma.

Hali ilikuwa hivi. Israeli wamepiga kambi katika nchi tambarare za Moabu, karibu na Yordani, ng'ambo ya Yeriko. Wako mpakani, wapendwa! Sisi tunajua maana ya kukaa mpakani. Ng'ambo unaiona kwa macho lakini bado hujavuka. Katika sura ya 26 watu wamehesabiwa, na Mungu ameagiza nchi igawanywe kufuatana na ile hesabu. Kwa maneno ya leo, sensa imekwisha na bajeti inaandikwa.

Sasa, orodha ile ilikuwa ya wanaume. Kuna mtu anaitwa Selofehadi, wa kabila la Manase, aliyefia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume. Ameacha mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Kwa utaratibu uliokuwapo, jina la baba yao lingepotea, na wao wangevuka Yordani wakiwa watu wasio na hata kipande cha shamba.

Wangeweza kukaa hemani na kunung'unika. Jangwani watu walikuwa wazoefu wa kunung'unika! Wangeweza pia kungoja mgao upite, halafu walie. Lakini hawakufanya hivyo. Walikwenda wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na kusanyiko lote, wakaeleza shida yao. Musa akalipeleka neno lao mbele za Bwana. Na Bwana akathibitisha kwamba mabinti wale walikuwa wamesema haki. Wapewe urithi. Tena ikawa sheria kwa Israeli yote, si kwa nyumba ya Selofehadi peke yake.

Watu watano wasio na cheo walifika, wakasema, na sheria ya taifa ikarekebishwa. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ujumbe wangu wiki hii ni mmoja tu: nenda ukaseme wakati sheria bado ni mswada.

1. Walifika kabla ya mgao

Angalia wakati waliochagua. Nchi ilikuwa bado haijagawanywa. Wangefika baada ya mipaka kuwekwa, ingebidi kumnyang'anya mtu shamba ili wao wapate. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sisi tunapenda kufika baadaye. Ada mpya ya soko tunaijua siku ile mkusanya ushuru anapotukatia tiketi. Hapo ndipo kelele zinaanza, mama mboga anagombana na kijana wa watu ambaye ametumwa tu. Yule kijana hakuitunga sheria. Ilitungwa katika bunge la kaunti, na kabla haijapita, sheria inataka wewe uulizwe.

Hili si jambo la kuomba kwa huruma ya mheshimiwa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 1, inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge la Nairobi lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Mlango wa hema uko wazi kwa sheria. Swali ni kama tutafika.

Na kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inapaswa kupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kufikia tarehe 28 Februari, inapeleka waraka wa mwelekeo wa fedha. Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti yanafika bungeni, na kufikia tarehe 30 Juni yanatakiwa yawe yamepitishwa. Halafu unakuja Mswada wa Fedha, huu wenye ada za soko, leseni na maegesho. Huu unatakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Ukitaka barabara ya kijijini kwenu, usingoje Juni. Ukitaka kuzungumzia ada ya meza yako, ulizia Mswada wa Fedha. Kila jambo lina majira yake.

Ngoja nipige hesabu kidogo. Tuseme ada ya meza ni shilingi 30 kwa siku, na mswada unataka iwe 50. Unaona ni shilingi 20 tu, na mtu hawezi kufunga biashara kwenda kwenye mkutano kwa sababu ya shilingi 20. Lakini 20 kwa siku sita za wiki ni 120. Kwa wiki 52 ni shilingi 6,240. Wakiwa akina mama 40 katika soko moja, ni shilingi 249,600 kwa mwaka. Sasa niambie, asubuhi moja ya kufunga kibanda ni hasara au ni mtaji? Amina?

2. Hoja yao ilipita mikononi mwa maombi

Kuna mpendwa anasema, "Pasta, sisi kazi yetu ni maombi. Mambo ya bunge ni siasa."

Nakubali kazi yetu ni maombi. Lakini soma mstari wa 5. Musa alikuwa na nini cha kupeleka mbele za Bwana? Alipeleka hoja ya wale mabinti. Kama wasingesema, Musa asingekuwa na neno la kupeleka siku ile. Maombi na hoja vilikutana katika hema moja. Tusivitenganishe.

Kuhusu siasa, tuelewane. Kugombea kiti, kuimbia mgombea, kumpa mtu madhabahu ili atafute kura, hayo sizungumzii. Nazungumzia mama anayelipa ushuru kila siku kuuliza ushuru huo utafanya nini. Paulo alipofungwa ili apigwe mijeledi, aliuliza kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa (Matendo 22:25). Hakuona kwamba kutumia haki yake ya uraia kunamwondolea wokovu. Na Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni wautafute ustawi wa mji walimokaa, na wauombee (Yeremia 29:7). Kuutafuta na kuuombea, yote mawili.

Na tusiende tukiwa watu wa kukataa kila kodi. Bwana wetu alifundisha ya Kaisari yalipwe kwa Kaisari. Choo cha soko hakijengwi kwa haleluya, wala taa ya barabarani haiwashwi kwa makofi. Mkristo anaweza kusimama na kusema, "Hii shilingi 50 tutalipa, lakini andikeni katika bajeti kwamba soko letu litapata maji." Hiyo nayo ni hoja.

3. Walijua la kusema

Mama mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Pasta, mimi sijasoma. Nikienda huko nitasema nini mbele ya watu wa suti?" Mama, mabinti wa Selofehadi hawakuwa mawakili. Soma mstari wa 3 na wa 4 uone walivyosema. Mambo manne, basi.

Kwanza, walieleza wao ni nani: sisi ni watoto wa fulani, aliyefia jangwani. Pili, walitoa ukweli unaohusika: baba yetu hakuwa katika kundi la Kora lililomwasi Bwana. Tatu, walionyesha hasara: jina la baba yetu litapotea kwa sababu tu hakuwa na mwana. Nne, waliomba kitu kimoja kinachoeleweka: tupeni milki pamoja na ndugu za baba yetu. Wakanyamaza.

Sasa tufanye hivyo kwa lugha ya Malaba. "Mimi ni mfanyabiashara wa soko hili, nauza nyanya na omena. Meza yangu naipanga chini ya jua, na ada ninalipa kila siku. Mswada huu ukiongeza shilingi 20, nitalipa zaidi ya shilingi 6,000 kwa mwaka kabla sijajua kama nimepata faida. Naomba ada ibaki ilivyo mpaka soko liezekwe." Umemaliza! Hujamtukana mtu. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, Kifungu cha 7. Usiogope kwamba huna Kiingereza.

Kisha liandike. Maneno ya mdomo hupeperuka, lakini karatasi hubaki. Andika barua fupi kwa karani wa bunge, taja jina la mswada na kifungu unachozungumzia, andika unachoomba, tia sahihi. Beba nakala mbili. Moja iache, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, rudi nayo nyumbani. Mkiwa kikundi, mkasaini watu 40 barua moja, ni bora zaidi. Mabinti walikuwa watano na walisema kwa sauti moja.

Pia ujue ni hema gani unalokwenda. Masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, zahanati na chekechea, hayo ni ya kaunti, na kamati za bunge la kaunti ndizo zinazosikiliza. Forodha na uhamiaji, na mambo yanayofanyika katika kituo chetu cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi Busia mwaka 2018, hayo ni ya serikali ya taifa, na bunge lake ni la Nairobi. Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatungwa katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha, ambako Kenya ina wabunge tisa. Ninyi mnaovuka na mayai, ndizi na mahindi chini ya ule utaratibu rahisi wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, shida yenu MCA anaweza kuisikia na kuwahurumia, lakini hana kalamu ya kuibadilisha. Mabinti walikwenda mahali ambapo uamuzi ulikuwa unafanyika.

Na wale ndugu zetu walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, tusiende bila wao. Kama ukumbi una ngazi, tuwabebe. Kama kikao kiko mbali, tuchange nauli. Ni aibu kuzungumzia barabara ya mpakani wakati anayeitumia kwa mikono yake hayupo.

4. "Lakini hao wameshaamua!"

Vijana wangu, ninyi ndio mnaosema hivi, na siwezi kuwanyamazisha kwa mstari mmoja wa Biblia. Mnasema vikao ni vya kutimiza sheria tu, watu wanapigwa picha, wanapewa soda, mswada unapita ulivyokuwa. Mnakumbuka Juni 2024. Tarehe 25 vijana wa rika lenu waliuawa wakipinga Mswada wa Fedha. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatausaini. Wapo waliotoka hapo wakisema barabara ndiyo inayosikika, karatasi haisikiki. Wazazi waliozika watoto wao bado wanalia, na kanisa halina ruhusa ya kupita mahali hapo haraka haraka.

Nataka niwaambie mambo mawili ninayoyajua. La kwanza ni kwamba tarehe 18 Juni 2024, wiki moja kabla ya siku ile, ilitangazwa kwamba mswada ule umeondolewa kodi ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari. Hayo yalitokana na watu kusoma mswada mstari kwa mstari na kusema, kwa barua, mbele ya kamati, na kwa kelele pia. Aliyepiga kelele alikuwa na nguvu kwa sababu kuna aliyesoma.

La pili, mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sheria nzima ya ada, ikaanguka! Na jaji, akieleza jinsi watu wanavyopaswa kufikiwa, alitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha zetu. Mmesikia? Mahakama imelitaja kanisa kama mahali ambapo habari za mswada zinapaswa kufika. Halafu sisi tunasema hayatuhusu?

Ndiyo, kuna vikao ambavyo ni vya kuigiza. Lakini siku mtu atakapokwenda mahakamani kusema hatukusikilizwa, ataulizwa ushahidi. Ile nakala yako yenye mhuri ni ushahidi. Orodha ya mahudhurio yenye jina lako ni ushahidi. Ukikaa nyumbani kwa hasira, wataandika kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi, na hutakuwa na la kujibu.

Na ukienda, nenda ukiwa huru. Usipande gari la mtu aliyekuandikia la kusema. Ukishauza sauti yako kwa mia mbili na chapati, huna tena sauti ya kurudi nayo. Esau naye alikuwa na njaa.

5. Walisikiliza wengine, na walifuatilia

Hadithi haikuishia sura ya 27. Katika sura ya 36 wazee wa ukoo wao nao walikuja mbele ya Musa. Wakasema, mabinti hawa wakiolewa katika kabila lingine, shamba litahama na kabila letu litapungukiwa. Nalo lilikuwa neno la haki. Bwana akaagiza waolewe ndani ya kabila la baba yao, na mabinti wakatii. Kwa hiyo jiandae, mpendwa. Kikaoni utamkuta mwenye duka, mwenye matatu, mkulima, na kila mmoja ana hoja yake. Asiyekubaliana nawe si shetani. Msikilize. Labda sheria itakayotoka itakuwa bora kuliko uliyoiomba wewe peke yako.

Kisha miaka ikapita, na Musa akafa. Wameshavuka Yordani, sasa Yoshua ndiye kiongozi. Fungua Yoshua 17, mstari wa 3 na wa 4. Nani hao wamesimama tena mbele ya viongozi? Ni wale wale! Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Wanawakumbusha kwamba Bwana alimwagiza Musa tupewe urithi. Uongozi ulikuwa umebadilika lakini wao hawakuiacha ahadi izikwe pamoja na Musa. Na Eleazari kuhani, aliyekuwapo siku ya kwanza, alikuwapo bado kama shahidi. Siku ile ndipo walipopata shamba.

Hapa ndipo sisi tunaposhindwa. Tunasema mara moja, tunaenda nyumbani, tunangoja. Zahanati iliyoahidiwa katika bajeti haijengwi, na hakuna anayeuliza. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wapendwa, sisi tunafunga na kuomba siku 21 kila Januari. Tutashindwa kungojea barua siku 21? Na zikipita bila jibu, unaandika tena, kama wale mabinti.

Wiki hii tufanye hivi. Kila ushirika wa nyumbani uchague watu wawili, mmoja awe mama au kijana. Kazi yao ni kuulizia katika ofisi ya wadi na ofisi ya bunge la kaunti ni mswada gani uko mezani, kikao kitakuwa lini na wapi, na kuleta nakala. Jumatano baada ya maombi tutausoma pamoja. Kanisa halitawapa maneno ya kusema. Mwenye kuuza na mwenye kununua wanaweza kuona tofauti, na wote ni wa Bwana. Sisi tutawasomea, tutawasaidia kuandika, tutawasindikiza.

Mwambie jirani yako: mgao bado haujafanyika. Mwambie tena: twende!

Tuombe. Baba, wewe uliyewasikia mabinti watano mlangoni pa hema, utupe ujasiri wa kufika, hekima ya kusema na subira ya kufuatilia. Wafariji waliopoteza watoto wao. Walinde vijana wetu. Wape wabunge wetu na wawakilishi wetu wa wadi masikio ya Musa, ambaye hakuona aibu kusema ngoja nikaulize. Ubariki kazi ya mikono yetu, pande zote mbili za mpaka. Katika jina la Yesu, Amina.